Madonge ya Unga wa Ngano: Aina Zake, Matumizi Yake na Yale Ambayo Mnunuzi Anapaswa Kujua

Sambusa, pai ya nyama, nangatai, krosanti na andazi huanzia katika vitu vilevile: unga wa ngano na mafuta. Hata hivyo, hakuna avilaye akadhani kuwa ni chakula kimoja. Kimoja humomonyoka, kingine huachana tabaka kwa tabaka, na kingine huwa na matundu ya hewa kama sifongo. Tofauti hiyo haitokani na siri ya fundi. Kwa sehemu kubwa hutokana na mafuta: ni ya aina gani, ni kiasi gani, na yameingizwaje katika unga.

Makala haya yana madhumuni mawili. La kwanza ni kumsaidia mlaji apikaye nyumbani kuchagua donge linalofaa kwa kitafunwa anachokusudia. La pili ni kumsaidia anunuaye donge lililo tayari, manda au vitafunwa vilivyokwisha kuokwa, ili ajue analipia nini. Mtu anayeielewa kazi ya mafuta katika donge si rahisi kuuziwa majarini kwa bei ya siagi.

Kazi ya unga na kazi ya mafuta

Unga wa ngano una protini ambazo, zikipata maji na kukandwa, huungana na kufanya nyuzi zinazovutika ziitwazo gluteni. Gluteni ndiyo inayoliwezesha donge la mkate kushikilia hewa, na ndiyo inayoliwezesha donge la chapati kusukumwa bila kukatika. Kadiri unga unavyokandwa ndivyo nyuzi hizo zinavyozidi kuwa imara.

Mafuta hufanya kazi kinyume chake. Huzizingira chembe za unga na kuzizuia zisifyonze maji, hivyo nyuzi za gluteni hubaki fupi na dhaifu. Matokeo yake ni kitafunwa laini kinachomomonyoka. Kila aina ya donge ni namna moja ya kuzisawazisha nguvu hizi mbili.

Unga wenyewe pia hutofautiana. Unga wa mikate huwa na protini nyingi, mara nyingi gramu 11 hadi 13 katika kila gramu 100. Unga wa keki kwa kawaida huwa na chini ya gramu 10. Kiasi hicho husomwa katika jedwali la virutubisho kwenye pakiti. Kwa pai na biskuti chagua unga wenye protini kidogo. Kwa mikate na manda chagua wenye protini nyingi. Unga wa matumizi yote hufaa kwa sehemu kubwa ya mapishi ya nyumbani. Unga uliokwisha kuchanganywa na beking pauda usitumike kwa manda, kwa donge la matabaka wala kwa donge la hamira.

Donge la kumomonyoka

Hili ndilo donge la msingi la pai. Kipimo chake ni rahisi kukumbuka: sehemu mbili za unga kwa sehemu moja ya mafuta, kwa uzito. Gramu 200 za unga huhitaji gramu 100 za siagi baridi, chumvi kidogo, na vijiko vikubwa viwili hadi vitatu vya maji baridi. Siagi hukatwa vipande vidogo na kusuguliwa katika unga kwa ncha za vidole mpaka mchanganyiko ufanane na chenga za mkate. Kisha maji hutiwa kidogo kidogo, na donge hukusanywa tu, halikandwi.

Donge hufunikwa na kuwekwa katika jokofu kwa muda wa nusu saa. Hatua hii isirukwe. Ndani ya muda huo mafuta huganda tena na gluteni hulegea, hivyo donge halisinyai likiingia katika tanuri.

Donge hili hufaa kwa pai za nyama, kuku, mboga na matunda. Ikiwa kijazio kina majimaji mengi, kitako cha pai huokwa kwanza peke yake: hutobolewa kwa uma, hufunikwa kwa karatasi ya kuokea, huwekewa maharage makavu juu ili kisivimbe, na kuokwa kwa dakika 15 hivi katika nyuzi 190 hadi 200 za Selsiasi. Maharage hayo hayafai tena kupikwa, lakini yanaweza kuhifadhiwa kwa kazi hiyohiyo.

Donge tamu la biskuti ni ndugu wa donge hili. Kipimo chake cha kawaida ni sehemu moja ya sukari, mbili za siagi na tatu za unga. Nangatai za mwambao zimo katika jamii hii: unga, samli, sukari na iliki, bila maji. Vileja vya Zanzibar hutumia unga wa mchele, usio na gluteni, na ndiyo maana huvunjika kwa urahisi mdomoni. Hata hivyo, mtu ambaye afya yake haimruhusu kula gluteni asidhani kuwa vileja vyote ni salama kwake. Wapo wapishi wanaochanganya unga wa ngano, na wapo wanaotumia vyombo vilevile kwa unga wa aina zote mbili. Ni wajibu wake kuuliza, na ni wajibu wa muuzaji kumjibu kwa ukweli.

Donge la matabaka

Mpishi wa chapati analifahamu wazo la donge hili. Anapolisukuma donge, akalipaka mafuta, akalikunja na kulizungusha kama konokono, kisha akalisukuma tena, huwa anazitenga tabaka za unga kwa tabaka za mafuta. Donge la matabaka linalotumika katika uokaji wa Kifaransa hufuata wazo hilohilo kwa utaratibu mkali zaidi. Kipande bapa cha siagi, chenye uzito unaokaribia ule wa unga, hufungwa ndani ya donge. Donge husukumwa, hukunjwa mara tatu kama barua, hupozwa, kisha husukumwa tena. Kila mkunjo huzidisha tabaka za siagi kwa tatu. Baada ya mikunjo sita huwa 729.

Donge hili halina hamira. Katika tanuri lenye nyuzi 200 hadi 220, maji yaliyomo katika unga na siagi hugeuka kuwa mvuke unaozinyanyua tabaka, nayo mafuta huzizuia zisishikamane. Ndiyo maana kingo hukatwa kwa kisu kikali na hazipakwi yai, maana yai huzigundisha. Mabaki yasikandwe pamoja. Yapangwe yakilaliana, kisha yasukumwe. Matumizi yake ni mifuniko ya pai, soseji za kuzungushiwa donge, na vitafunwa vya jibini au matunda. Krosanti hutokana na donge la matabaka lililotiwa hamira, na kwa hiyo huumuka kwa njia mbili: kwa mvuke na kwa hamira.

Adui wa donge hili ni joto. Siagi huyeyuka katika nyuzi 32 hadi 35, na hulainika mapema zaidi ya hapo. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, jiko la mchana linaweza kuifanya siagi iingie ndani ya unga kabla mikunjo haijakamilika, na tabaka zikapotea. Anayetaka kulitengeneza nyumbani afanye kazi asubuhi na mapema, na alirudishe donge katika jokofu kwa nusu saa baada ya kila mkunjo mmoja au miwili.

Kwa sababu hiyo waokaji wengi wa biashara hutumia majarini maalumu inayostahimili joto. Kufanya hivyo si kosa. Kosa ni kukiita kitafunwa hicho cha siagi na kukitoza bei ya siagi. Mlaji anaweza kuona dalili kwa ulimi: mafuta yasiyoyeyuka katika joto la mwili huacha utando kama nta juu ya kaakaa.

Donge jembamba: manda na filo

Manda za sambusa huwa na mafuta kidogo sana ndani ya donge lenyewe. Hapa gluteni inatakiwa iwe imara, hivyo unga hukandwa vizuri na kuachwa upumzike. Vidonge vidogo husukumwa, hupakwa mafuta na kunyunyiziwa unga, hupangwa kimoja juu ya kingine, kisha husukumwa kwa pamoja na kupashwa kidogo juu ya kikaango. Zikiwa bado zina joto huachanishwa moja moja na kukatwa.

Filo, ambayo hutumika sana Uturuki na Ugiriki kwa vitafunwa kama baklava, hufanana na manda lakini haipashwi; ni mbichi na nyembamba kama karatasi. Kwa hiyo manda hustahimili kukaangwa, ilhali filo hufaa zaidi kuokwa, kila tabaka ikiwa imepakwa siagi iliyoyeyushwa au mafuta. Anayependa sambusa za kuoka anaweza kutumia filo mbili mbili. Zote mbili hukauka upesi. Zifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu wakati wa kazi, na manda hufungwa kwa uji mzito wa unga na maji. Manda yenye nyufa haifai kukaangwa, kwa sababu mafuta huingia ndani na kijazio hutoka nje.

Donge linalopikwa kabla ya kuokwa

Donge hili, ambalo Wafaransa huliita pâte à choux, hupikwa mara mbili. Mililita 250 za maji huchemshwa pamoja na gramu 100 za siagi. Gramu 150 za unga hutiwa zote kwa mara moja, na mchanganyiko hukorogwa juu ya moto mpaka uachane na sufuria. Baada ya kupoa kidogo, mayai manne huongezwa moja moja. Donge huwekwa kwa vijiko katika sinia na kuokwa katika nyuzi 200. Mvuke huliumua na kuacha uwazi ndani, ambao hujazwa krimu au kijazio cha chumvi. Tanuri lisifunguliwe katika dakika 20 za mwanzo, la sivyo donge hubonyea.

Donge la hamira

Mahamri, maandazi na mikate hutumia mafuta machache, kwa kawaida gramu 30 hadi 60 kwa kila nusu kilo ya unga, kwa sababu mafuta mengi huichelewesha hamira na kuidhoofisha gluteni. Mahamri hupata sehemu ya mafuta yake kutoka kwenye tui la nazi, na harufu yake kutoka kwenye iliki.

Hamira ni kiumbe hai. Hula sukari na kutoa gesi inayoliumua donge. Kabla ya kuinunua, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukiwa na shaka, koroga kijiko kidogo cha hamira na sukari kidogo katika maji ya uvuguvugu ya nyuzi 38 hadi 40. Isipotoa povu baada ya dakika 10, usiutie unga wako hatarini kwa ajili yake. Maji ya moto huiua. Maandazi ya beking pauda hayahitaji kungoja kuumuka, lakini huwa mazito zaidi na hukauka upesi.

Siagi, majarini na samli: jina si ushahidi

Katika mazungumzo ya kila siku, watu wengi huita majarini siagi. Sokoni mazoea hayo yanaweza kumgharimu mnunuzi. Kwa mujibu wa viwango vya kimataifa vya Codex, siagi hutokana na maziwa pekee, nayo huwa na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 80 na maji yasiyozidi asilimia 16. Majarini hutengenezwa hasa kwa mafuta ya mimea, na mafuta yake pia hayapungui asilimia 80. Bidhaa zenye mafuta pungufu ya hapo ni mafuta ya kupaka, na sehemu kubwa ya uzito wake uliobaki ni maji. Samli huwa na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 99.6.

Tofauti hizi zina matokeo matatu.

Kwanza, matokeo ya mapishi. Mafuta ya kupaka yenye maji mengi hulifanya donge la pai kuwa gumu, hata kama vipimo vilikuwa sahihi. Anayetumia samli badala ya siagi apunguze kiasi: gramu 80 za samli hukaribia mafuta yaliyomo katika gramu 100 za siagi.

Pili, bei. Siagi kwa kawaida huuzwa ghali kuliko majarini. Maneno kama “ladha ya siagi”, au picha ya ng'ombe kwenye pakiti, hayathibitishi kuwa siagi imo. Kinachothibitisha ni orodha ya viambato, ambayo hupangwa kuanzia kile chenye uzito mkubwa zaidi. Ikiwa majarini imetajwa na siagi haimo, umekwisha kupata jibu.

Tatu, afya. Baadhi ya mafuta ya mimea hugandishwa kiwandani kwa kutiwa haidrojeni. Yakitiwa kwa sehemu tu, huzaa mafuta ya transi, ambayo huongeza hatari ya magonjwa ya moyo. Shirika la Afya Duniani lilitoa wito mwaka 2018 wa kuyaondoa mafuta ya transi ya viwandani katika chakula, na linashauri ulaji wake usifikie asilimia 1 ya nishati ya siku, yaani takriban gramu 2.2 kwa anayekula kilokalori 2,000. Si kila majarini inayo. Soma lebo, na uepuke bidhaa iliyoandikwa kuwa mafuta yake yametiwa haidrojeni kwa sehemu.

Vitafunwa vya mitaani na vya mikahawani mara nyingi havina lebo. Hapo swali la mnunuzi huchukua nafasi yake: vimetengenezwa kwa mafuta gani, na vina maziwa, mayai au karanga? Muuzaji mwaminifu haoni uzito kulijibu.

Kununua donge lililo tayari

Linganisha bei kwa kilo, si kwa pakiti. Tuseme pakiti ya gramu 400 inauzwa shilingi 3,200 na ya gramu 500 shilingi 3,500. Ya kwanza inaonekana rahisi, lakini kilo yake ni shilingi 8,000, ilhali ya pili ni shilingi 7,000. Kwa mama lishe au mwokaji mdogo anayetumia pakiti nyingi kwa wiki, tofauti hiyo hula sehemu ya faida.

Donge lililogandishwa linapaswa kuhifadhiwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri. Barafu nyingi ndani ya pakiti, au manda zilizogandana kuwa bonge moja, ni dalili kwamba bidhaa iliwahi kuyeyuka na kugandishwa tena, kwa mfano baada ya umeme kukatika. Nyumbani, liyeyushe katika jokofu, si juu ya meza, na usiligandishe tena likiwa bichi.

Unga mbichi si chakula kilicho tayari

Wazazi wengi huwazuia watoto kulamba donge kwa sababu ya mayai mabichi. Unga wenyewe pia una hatari. Ngano husagwa bila kupikwa, na inaweza kubeba vijidudu kutoka shambani. Nchini Marekani, mwaka 2009, donge la biskuti lililouzwa tayari lilihusishwa na mlipuko wa maradhi yaliyosababishwa na bakteria aina ya E. coli. Oka au kaanga mpaka ndani kuiva, na osha mikono, ubao na kifimbo cha kusukumia baada ya kazi.

Kabla ya kulipa

• Jua unataka donge la aina gani, na iwapo mafuta yake yanalifaa.
• Soma orodha ya viambato, si jina lililo mbele ya pakiti.
• Tazama uzito halisi, na ukokotoe bei kwa kilo.
• Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi na hali ya ufungashaji.
• Uliza kuhusu vyakula vinavyokudhuru.
• Dai risiti na uitunze.

Ukiona umedanganywa

Rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na bidhaa, pakiti yake na risiti. Asipokusikiliza, peleka malalamiko mahali panapohusika. Tanzania Bara, masuala ya ubora na usalama wa chakula yako chini ya Shirika la Viwango Tanzania, ambalo lilikabidhiwa jukumu la usalama wa chakula mwaka 2019. Uzito uliopunjwa ni suala la Wakala wa Vipimo. Maelezo ya kupotosha, kama vile kuiita siagi bidhaa isiyo na siagi, hushughulikiwa na Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kwa Zanzibar, mlaji anaweza kufika kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar kuhusu usalama wa chakula.

Eleza jina la bidhaa, tarehe ya ununuzi, mahali ulipoinunua na kasoro uliyoiona. Usiitupe pakiti hata kama kilichomo kimekwisha kuliwa, kwa kuwa lebo iliyomo juu yake ndiyo ahadi ya mtengenezaji kwako, na ndiyo itakayopimwa dhidi ya kile ulichouziwa.